Sifa za Kibao Kilichojaa

Ni wajibu wetu kumshukuru fundi wa vibao katika njia ya Kasese hadi Bwera, ambaye kwa ukarimu wake hakubakiza hata shibiri moja ya bati bila rangi, akalichora jina la duka kwa herufi za kisisimizi, manjano juu ya nyeupe, ili msafiri asisome upesi kwa ufidhuli, bali ashuke garini, asogee, aulize, na yamkini anunue. Hasha, si kama lile duara la saruji la Ikweta, kabla ya Katunguru, fukara wa mapambo, lifahamikalo kwa lahadha moja! Hata Ruwenzori, pamoja na mita zake 5,109, yastahili lawama: theluji yote ile nyeupe, wala nambari ya simu haina.