Baharia wa Nchi Kavu

Makuruta wa Jeshi la Wanamaji la Marekani hupikwa Great Lakes, Illinois, ufukweni mwa Ziwa Michigan. Bahari iko mbali, waulize ndege. Mtihani wa mwisho hufanyika usiku kucha ndani ya USS Trayer, manowari ya bandia iliyojengwa ndani ya jengo: king'ora kinalia, moshi unatanda, maji yanafurika, ila meli yenyewe haijawahi kusogea hata shubiri. Alfajiri kuruta, macho mekundu kama ya mkesha wa harusi, anavua kofia ya kuruta na kuvaa ya mwanamaji. Analia. Baharia huyo! Kukunja fulana anajua. Chumvi ya bahari bado.

“Meli umeshapanda, mwanangu?”

“Nimeshapanda, mama.”

Habari za paa hakuzitaja.