Safu ya Ushauri: Miguu Haifiki Chini

Pikipiki za safari ndefu huundwa zikiwa juu kwa sababu maalumu. Shokapu zake hupewa nafasi kubwa ya kupanda na kushuka ili zimeze mashimo, na injini huinuliwa isigonge mawe. Ndiyo maana kiti cha BMW R 1250 GS kiko sentimita 85 au 87 kutoka ardhini, na cha Honda Africa Twin ya injini ya 1100 vivyo hivyo. BMW hiyo ikijazwa mafuta ina kilo 249. Barua nyingi zilizoifikia safu hii zimeandikwa na watu waliosoma habari za injini, rangi na bei, wakauruka mstari wa urefu wa kiti mpaka siku pikipiki iliposhushwa uani mbele ya majirani.

Msomaji wa Mbezi, aliyetia saini "Kidole Gumba", anauliza kama mtu mfupi anaruhusiwa kumiliki chombo cha namna hiyo. Swali hilo lilijibiwa zamani jangwani. Gaston Rahier, Mbelgiji, alishinda mbio za Paris–Dakar mwaka 1984 na 1985 akiendesha BMW yenye tenki la kutisha, naye alikuwa mfupi kiasi cha kutoweza kukanyaga chini kwa miguu yote miwili kwa pamoja. Kidole gumba peke yake hakitoshi, ila wayo mmoja uliolala vizuri ardhini unatosha. Wengi hutaka nyayo zote mbili zifike, ilhali mguu wa kulia una kazi nyingine: kukanyaga breki ya nyuma.

Kabla ya kukata au kufungua chochote, hupimwa mwendeshaji. Husimama ukutani na viatu vyake vya barabarani, kitabu chembamba kikabanwa katikati ya mapaja hadi juu kabisa, kisha umbali wa kutoka ukingo wa kitabu hadi sakafuni ukachukuliwa. Kipimo hicho bado hakitoshi kulinganishwa na namba ya kiwandani, kwa kuwa upana wa kiti nao hula mguu. Kiti kipana huyatawanya mapaja, na mguu unaozunguka kwa upinde haufiki mbali kama unaoshuka wima. Uzito pia una neno lake. Mtu wa kilo 90 akikaa, springi hubonyea na pikipiki hushuka sentimita kadhaa; wa kilo 55 hapati nafuu hiyo. Mfupi mwembamba, kwa hiyo, anaonewa mara mbili.

Matibabu ya bei ndogo yako kwa fundi viatu, anayeweza kuongeza soli ya sentimita mbili, na kwa fundi makochi. Huyu wa pili ni wa kuheshimiwa. Fundi makochi anayejua kazi humkalisha mwenye pikipiki kitini, akachora kwa chaki mahali mapaja yanapopita, ndipo akavua ngozi. Hukata pembe za mbele za sponji kwa msumeno mwembamba, akasugua kwa msasa mpaka mkono upite bila kukwama, kisha akairudisha ngozi na kuibana upya kwa pini. Katikati hakuguswi sana, la sivyo makalio yatakutana na plastiki. Ikumbukwe pia kwamba kiti kikishushwa, vikanyagio hubaki palepale, hivyo goti hukunjwa zaidi. Kwa anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, goti litatoa malalamiko kabla ya Mikumi.

Barua ya Nakuru inasema fundi mmoja amejitolea kukata springi ya shokapu ya nyuma, bure. Fundi huyo ashukuriwe kwa ukarimu wake na anyang'anywe spana. Springi ikipunguzwa mizunguko huwa ngumu zaidi, huku nafasi yake ya kubonyea ikiwa imepungua. Kila tuta huishia kwenye uti wa mgongo. Kuilegeza springi kwenye marekebisho yake hushusha kiti kidogo, lakini penye mashimo shokapu hufika mwisho na kugonga.

Njia sahihi hutegemea muundo wa nyuma. Africa Twin ina vipande vya chuma vinavyounganisha shokapu na mkono wa gurudumu, na vipande virefu zaidi huishusha pikipiki. Kwenye R 1250 GS shokapu imeshikana na mkono huo moja kwa moja, kwa hiyo dawa ni shokapu fupi. Africa Twin ikishushwa nyuma, foku zake za mbele nazo hupandishwa kidogo kwenye vishikio vyake ili pua isibaki juu na usukani ukawa mzito kugeuka. Halafu kuna jambo linalosahaulika kuliko yote, nalo ni stendi ya pembeni. Pikipiki iliyoshushwa juu ya stendi ya urefu uleule husimama wima mno, na mtoto akiegemea kidogo inalala upande wa kulia. Stendi hukatwa na kuchomelewa upya kwa kiasi kinacholingana.

Hata kazi ikifanyika vizuri, injini imesogea karibu na mawe, yaani mnunuzi amelipia urefu kisha akalipia kuuondoa. Ndiyo maana kazi ya shokapu inafaa kuwa ya mwisho, baada ya kiti na viatu kushindwa. Viwanda vyenyewe vimeanza kulegeza msimamo: Harley-Davidson Pan America Special ya mwaka 2021 ilikuja na mfumo, kwa wanaoulipia, wa kujishusha inapokaribia kusimama, na BMW R 1300 GS inaweza kuwekewa wa kwake unaoshusha kiti kutoka sentimita 85 hadi 82.

Msomaji wa Mombasa ana shida mbili, boksi la nyuma na mama mkwe. Mguu wake wa kulia hukwama kwenye boksi kila anapopanda, na mama mkwe hurukia kiti cha abiria bila kutoa taarifa. Kuhusu boksi, mguu haurushwi nyuma. Anayepanda husimama kushoto, injini imezimwa, gia namba moja imeingia, usukani umegeuzwa kushoto na vidole viko kwenye breki ya mbele. Goti la kulia huinuliwa likiwa limekunjwa, likapitishwa juu ya kiti mbele ya boksi, ndipo mguu ukanyooshwa. Aliye mfupi zaidi hukanyaga kikanyagio cha kushoto na kupanda kama anayepanda farasi, kwa sharti kwamba stendi ni imara na ardhi ni ngumu. Kwenye mchanga wa pwani kipande cha ubao huwekwa chini ya stendi, vinginevyo hutitia. Mama mkwe haambiwi "subiri" kirahisi, lakini kwa hili hana budi kuambiwa. Hupanda mwendeshaji akishakaa, akishakanyaga chini na kutamka kwamba yuko tayari, na hushuka kabla ya mwendeshaji.

Kusimama barabarani kuna siri inayotokana na wahandisi wa ujenzi. Barabara huinuliwa katikati ili maji yatiririke pembeni. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto, hivyo ardhi iliyo chini ya mguu wa kushoto iko chini zaidi, nao ndio mguu unaotegemewa. Anayevuka Rusumo kuingia Rwanda, ambako huendeshwa kulia, huona miguu yake imerefuka ghafla, na Burundi na Kongo humpa zawadi hiyohiyo. Upande wa huku dawa ni kuanza kuteleza kitini kuelekea kushoto mita chache kabla ya kusimama, ili nyonga moja itoke nje ya kiti na wayo wote utue. Penye shimo au kokoto, mahali pa kusimama huchaguliwa mapema kama anavyofanya dereva wa lori.

Mwendo wa polepole ndio unaoangusha. Hapo klachi hushikwa nusu, breki ya nyuma hukanyagwa kidogo kuituliza pikipiki, na macho hutazama inakokwenda, si gurudumu. Breki ya mbele ikibanwa usukani umekunjwa, kilo 249 huenda chini bila majadiliano. Mzigo nao huhesabika: lita 20 za petroli ni kilo 15 hivi, tena zimekaa juu. Spana na maji huwekwa chini kabisa kwenye masanduku ya pembeni, nguo ndizo zikapanda boksi la nyuma. Anayeegesha haingizi pua kwenye mteremko unaoishia ukutani, kwa kuwa kuirudisha nyuma kwa ncha za vidole hakuwezekani. Hushuka, akaegemeza nyonga kwenye kiti na kusukuma.

Msomaji wa Arusha anataka kujua afanye nini ikishaanguka watu wakiwa wanatazama. Hakuna adabu maalumu ya kujifanya unatafuta funguo. Injini huzimwa kwanza na masanduku hutolewa. Kama imelalia kulia, stendi hufunguliwa kabla ya kuinua. Usukani hugeuzwa hadi mwisho ili mpini wa chini uwe karibu na tenki, mnyanyuaji akageuza mgongo, akaegemeza makalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja kwenye mpini na mwingine kwenye keria, magoti yamekunjwa. Husukuma kwa miguu kwa hatua ndogo za kinyumenyume, kiuno kikiwa kimenyooka, na hupunguza nguvu inapokaribia wima ili isiangukie upande wa pili. Kisha hukaguliwa wenzo wa klachi, dalili za mafuta kuvuja na harufu ya petroli, na huachwa dakika chache kabla ya kuwashwa. Wenzo wa klachi wa akiba hufichwa chini ya kiti, kwani ikiangukia kushoto huo ndio huvunjika.