Ngoma ya Kuzama

Mwaka 1991 kampuni ya Sega ya Japani ilituletea mchezo wa video wa Sonic, kalunguyeye wa buluu mwenye mbio za kutisha, ila kuogelea hajui. Akikawia chini ya maji, muziki mtamu wa mtunzi Masato Nakamura hukatwa. Badala yake hupigwa kipande kifupi kinachozidi kwenda kasi, huku tarakimu zikihesabu kutoka 5 hadi 0. Kiumbe anakata roho, nao wanampigia ngoma! Boya hakuna, kamba hakuna. Mdundo upo, tena wa kuchezeka. Anayebana pumzi ni mchezaji, aliyekaa pakavu kwenye kochi. Kiputo cha hewa kikitokea, hushukuru Mungu kwa sauti. Kalunguyeye mwenyewe keshatimua mbio, hata ahsante hasemi.