Ng'ambo Ni Hapa Kambarage

Mimi nina duka la spea za baiskeli hapa Kambarage, Shinyanga mjini, si mbali na uwanja wa mpira. Ni kazi ya kutengeneza magurudumu, kwa hiyo vitu vinavyozunguka pale pale nimevizoea. Lakini harusi ya mtoto wa kaka yangu imenizungusha mpaka kizunguzungu.

Binti alizaliwa Shinyanga, akasoma Shinyanga, akaenda Kanada, miaka ikapita, akaapa huko. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 haina masihara na mtu mzima: ukichukua wa wenzako kwa hiari, wa kwetu umekuponyoka. Wakati ule sikuitilia maanani habari hiyo. Kwangu Mkanada alikuwa Williamson, yule wa almasi za Mwadui, si mtoto niliyemzungusha mjini kwenye keria ya baiskeli.

Mwaka jana akapiga simu. "Shikamoo baba mdogo. Nimepata mchumba, tunataka tufunge ndoa nyumbani."

Vigelegele. Mchumba ni Mkenya wa Kisii, anaishi Kanada, naye kaapa huko huko. Ila wenzetu, tangu katiba yao ya 2010, Mkenya wa kuzaliwa akipata uraia mwingine hanyang'anywi wa kwao. Kwa hiyo bwana harusi ana pasi mbili mfukoni, bibi harusi anayo moja, na hiyo moja si yetu.

Wakaja. Kijana alipitia kwao kwanza, akapanda basi, akafika mpakani Sirari, akaonyesha pasi ya Kenya, ikagongwa mhuri, akapita bila kulipia viza. Binti yetu akashuka kwenye ndege na pasi ya Kanada: viza, dola 50. Kuingia kwao! Na pasi yenyewe imeandikwa wazi mahali alipozaliwa: Shinyanga. Wakati huo yule mwenzake, asiyejua Tinde wala Kolandoto, aliyenishika mkono na kuniambia "habari yako mzee" mpaka shangazi zake binti wakashika vifua, kaingia nchini kama anayeingia jikoni kwa mama yake.

"Baba mdogo, ni hela ndogo tu," binti ananituliza. Ndogo kwake. Kwangu hiyo ni mauzo ya matairi ya wiki nzima, na mvua isiponyesha ni ya wiki mbili.

Tukaenda kwenye karatasi. Tukaambiwa wote wawili ni wageni, walete hati kutoka huko waliko kuonyesha hawana kipingamizi. Halafu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka tangazo la siku 21. Likizo ya binti ni wiki tatu. Piga hesabu mwenyewe: angekuja, akasimama ukutani kusoma jina lake, akarudi kazini. Ilibidi taarifa itangulie kabla yake. Nikamuuliza karani, "Sasa huyu kisheria anaolewa wapi?"

"Nje ya nchi yake, mzee."

Nje ya nchi yake! Hatua chache kutoka kilipozikwa kitovu chake.

Kikao cha mahari ndicho pekee kilichokwenda vizuri, kwa sababu Wasukuma na Wakisii lugha ya ng'ombe wanaielewa wote. Palichafuka kidogo tu mzee mmoja alipouliza kama Mkanada huhesabiwa ng'ombe sawa na mtoto wa hapa, kaka akasimama, akakalishwa. Ng'ombe walinunuliwa mnadani huku huku. Hao hakuna aliyewauliza uraia.

Kiwanja je? Kaka alikuwa na chake kule Ibinzamata, anataka kuwazawadia maharusi. Mwenyekiti wa kamati ya harusi akakohoa: asiye raia hamilikishwi ardhi hivi hivi, labda awe mwekezaji. Kiwanja kimebaki kwa mdogo wa kiume wa binti, anafugia bata. Hiyo hadhi maalumu ya diaspora tunayoisikia, mimi nitaiamini siku bata watakapohama.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mkoa huu una historia ya kuchangia harusi za ng'ambo. Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya waridi, karati 54.5 kabla ya kukatwa, Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth zawadi ya harusi. Bwana harusi, Philip, alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme wa Ugiriki na Denmark, akaacha vyeo hivyo akawa Mwingereza mwaka huo huo, ndipo akaoa. Kadi ya shukrani kwa watu wa Kishapu, wilaya yenye Mwadui, mpaka leo sijasikia kama imefika.

Usiku wa sherehe kijana akaja kukaa karibu yangu. Siku hizo shikamoo ilikuwa imeshamkaa mdomoni. Akaniambia katiba yao inampa mke wa Mkenya haki ya kuomba uraia ndoa ikifikisha miaka saba.

"Halafu?"

"Halafu, baba mdogo, tutakuwa tunapita Sirari wote wawili."

Yaani mtoto wa Kambarage, ili aingie Kambarage bila viza, awe kwanza Mkenya. Nikaenda meza kuu nikamwinamia bibi harusi sikioni.

"Mwanangu, ivumilie ndoa hii. Hata akikoroma."

"Mpaka lini, baba mdogo?"

"Miaka saba tu. Baada ya hapo utakuwa unakuja kunisalimia bure."