Mchele wa Kilo Hasi Tano

Mizani ya kwanza ya fundi mmoja kijana wa Mbagala ilijua majibu matatu tu: sifuri, kilo 10 na kilo 20. Shangazi yake, mwenye duka la nafaka, aliweka juu yake mfuko wa mchele wa kilo 5. Ikasoma sifuri. Akashusha miwani. "Baba, huu ni mchele au hewa?"

Kijana alikuwa amenunua kipande cha alumini chenye tundu katikati na waya nne, cha kupima hadi kilo 20. Kwenye uso wake vimebandikwa vipande vinne vyembamba vya metali. Mzigo ukikipinda, viwili huvutika na viwili hubanwa, ukinzani ukabadilika kidogo sana. Vimeunganishwa kwa mtindo uitwao daraja la Wheatstone, ingawa aliyeubuni ni Mwingereza mwingine, Samuel Hunter Christie, mwaka 1833. Charles Wheatstone aliutangaza miaka 10 baadaye na kumtaja Christie waziwazi, lakini wapi, jina la Wheatstone ndilo lililonata.

Balaa liko kwenye hiyo "kidogo sana". Kifaa cha aina hii hutoa kama milivolti 2 kwa kila volti unayokilisha kikibeba mzigo wake wote. Kilishe volti 5, kilo 20 zikupe milivolti 10, basi. Nayo Arduino Uno, bodi ndogo aliyoitumia kusoma ishara hiyo, ina kigeuzi cha biti 10: huigawa volti 5 katika ngazi 1,024, kila ngazi karibu milivolti 5. Kilo 20 nzima zinapanda ngazi mbili! Ni kupima iliki kwa debe.

Dawa inajulikana: chipu ya HX711, iliyoundwa mahsusi kwa ajili ya mizani. Huikuza ishara mara 128, kisha huisoma kwa biti 24, yaani ngazi zaidi ya milioni 16. Fundi akaiunganisha, akaweka mchele.

Kilo hasi 5.

"Kwa hiyo mteja akija kununua," shangazi akauliza, "mimi ndiye nimlipe?"

Waya za ishara, ya kijani na nyeupe, zilikuwa zimebadilishana nafasi. Zikageuzwa, hasi ikaondoka, na mizani ikaanza kupima kila kitu isipokuwa mchele. Panga boi likizunguka, namba zinacheza. Shangazi akiegemea meza, gramu 40. Fundi akachomoa waya kwenye bredibodi, yaani ubao wa kujaribia saketi, akazifupisha, akazisokota na kuzilehemu. Kumbe pia chipu ilikuwa ikisoma mara 80 kwa sekunde. Ikiwekwa mara 10, huchuja yenyewe mvumo wa umeme wa nyumbani wa hezi 50. Namba zikatulia.

Zikatulia mno. Mchele ukaongezwa, skrini kimya. Baada ya kulehemu, kipande cha alumini kilikuwa kimekazwa skrubu upya kikiwa kimelala chote juu ya ubao, na kisichopata nafasi ya kupinda hakina cha kusema. Washa mbili chini ya ncha moja zikamaliza ubishi. Jiwe la kilo 2 la mizani ya zamani likatumika kuisawazisha, na mchele hatimaye ukawa kilo 5.

"Na stika ya Wakala wa Vipimo iko wapi?" shangazi akauliza.

Haikuwapo, na mizani ya biashara isiyohakikiwa ni kesi. Ile ya zamani ikabaki dukani. Hii ikahamia jikoni, ambako inapima unga wa maandazi kwa usahihi ambao maandazi hayajawahi kuuomba.