Sifa za Kibali cha Kurusha Droni

Pale Maili Moja, Kibaha, vijana wa kamera wakikaa kwenye kahawa hukisema vibaya kibali cha kurusha droni mpaka kahawa ipoe. Sijasikia hata mmoja akikitetea. Basi acha nikitetee mimi, ambaye sina droni na sidaiwi kitu.

Kwanza, kibali kina ukoo. Mkataba wa Chicago wa Desemba 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa haijaisha, ulisema katika ibara ya 8 kwamba ndege isiyo na rubani isipite juu ya nchi ya watu bila ruhusa maalumu. Kwetu jukumu la kutoa ruhusa hiyo liko kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa kanuni za 2018 kijana mwenye ndege nyuki inayoenea kwenye mkoba wa shule ni mrusha ndege kamili mbele ya sheria: asajili chombo, aombe ruhusa, na wakubwa wa ulinzi nao waseme neno. Heshima iliyoje! Mama yake alidhani amezaa mpiga picha za sendofu tu.

Na sababu ipo, hapa sitanii. Anayetoka uwanja wa ndege kwenda Kisarawe hupita Gongo la Mboto, ambako Februari 16, 2011 maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka, watu wakafa na wengine wakakimbia usiku wasijue waendako. Kibaha nako kuna kambi ya JKT Ruvu. Hakuna mwenye akili anayetaka kamera ya mtu asiyejulikana izagae juu ya maeneo hayo. Ila uzuri wa kibali ni kwamba hakibagui: anayetaka kupiga picha ghala na anayetaka kupiga picha keki, wote ni waombaji. Tena yule wa ghala haji kuomba. Kwa hiyo kibali kimebaki kinashughulika na waungwana watupu, kazi safi kabisa.

Tazama bahasha ya kaki ya mmoja wa waungwana hao: nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha tatu za pasipoti, barua ya mtendaji wa kata yenye muhuri uliovuja wino wa zambarau hadi kwenye jina lake, na risiti ya kununulia droni. Si kwamba aliambiwa alete yote hayo. Mtu mzima haendi ofisini mikono mitupu.

Wanaonisikitisha ni wasio na kibali. Kunguru wa Pwani anakatiza kambi na ikulu bila karatasi hata moja. Tangu 2024 treni ya umeme inapita Pugu, Soga na Ruvu, abiria wamebandika simu madirishani wanarekodi kila paa. Setelaiti za wageni zinaona mpaka tangi la maji uani kwako, ukitaka fungua simu ujionee. Maskini, wote hao wanafanya kazi bila hadhi yoyote ya kisheria.

Wapo pia wanaozungumzia haki za mrushaji. Wanataka maombi yawe na siku ya mwisho ya kujibiwa, na aliyekataliwa aambiwe kwa nini, kwa maandishi. Huo ni ulafi. Ukishampa mtu sababu, kesho atataka kukata rufaa, na keshokutwa atauliza kwa nini droni ya gramu mia mbili juu ya shamba la mihogo la babu yake ipimwe kwa mzani wa ghala la mabomu. Swali hilo likijibiwa, waombaji wangapi watabaki?

Halafu kibali kimefufua vipaji. Desemba, kwenye harusi moja Kisarawe, mpiga picha asiyekuwa nacho alitakiwa apate picha ya juu. Akavua viatu, akaning'iniza kamera shingoni, akaukwea mwembe hadi matawi ya mwisho. Maharusi walikuwa wanaingia, vigelegele vimepamba moto, babu wa bwana harusi akainua fimbo kuelekea juu: "Mjukuu wangu, maadamu uko huko huko, tutungulie na maembe."