Sifa za Kilaptopu cha Olympic

Lucian wa Samosata, mwandishi wa karne ya pili, aliwahi kuandika insha nzima ya kumsifu nzi. Namheshimu, ila naona alichagua kazi nyepesi. Nzi anaruka, hahitaji chaja, na akifa hakuna anayeambiwa ampeleke kwa wakala aliyeidhinishwa. Mimi nakaa Olympic, Kibera, na ninayemsifu hana hata mabawa: ni kilaptopu cha bei ya chini, RAM gigabaiti 2, nafasi ya kuhifadhi gigabaiti 32, na roho ngumu.

Nianze na ukoo, maana sifa bila ukoo ni umbea. Babu yake alitolewa hadharani mjini Tunis, Novemba 2005, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa. Ilikuwa ile kompyuta ya dola 100 ya Nicholas Negroponte, iliyokusudiwa watoto maskini wa dunia, yenye mpini wa kuzungusha ili ijizalishie umeme. Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja huo, akaushika mpini, akazungusha, ukamvunjikia mkononi. Huo ndio ukoo wenye msimamo! Hata mkubwa kama yule hakupendelewa. Mashine ilipotoka kiwandani, dola 100 zilikuwa zimekaribia 200, na mpini wenyewe ulikuwa umeondolewa kwenye kompyuta.

Mwaka 2007 Asus wakaleta Eee PC ya inchi 7, yenye RAM ya megabaiti 512, na soko likachangamka. Microsoft nao hawakuisahau familia hii. Kwenye Windows 7 walitoa toleo la Starter, ambalo halikumruhusu mwenye mashine kubadilisha hata picha iliyo nyuma ya skrini. Wapo walioona ni dharau. Mimi naona ni malezi mema: aliyenunua cha bei rahisi asije akaanza kuchagua rangi.

Hapa kwetu sifa za kompyuta ndogo ziliimbwa hadi kwenye kampeni. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Mtaa huu ulikuwa na sababu ya kutega sikio, maana Shule ya Msingi ya Olympic ilikuwa imejipatia jina kwenye mitihani ya kitaifa, kabla ya elimu ya bure ya mwaka 2003 kuyajaza madarasa pomoni. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016, laptopu ya mtoto ilikuwa imepungua ikawa tableti. Changu hakijawahi kupungua. Kilizaliwa kidogo kikabaki kidogo.

Nilikinunua katika duka moja mjini, sitalitaja. Muuzaji alinipa risiti iliyoandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na pamoja nayo waranti ya mwaka mmoja. Hiyo waranti ndiyo inayostahili ushairi. Niliisoma nyumbani, polepole, kama anayesoma wosia wa tajiri aliyekuwa na watoto wengi. Ilisema itanilinda dhidi ya kasoro zote, isipokuwa zitokanazo na vumbi, maji, unyevu, joto, kuanguka, na umeme usiotulia.

Sasa fikiria Olympic. Januari vumbi la Kibera Drive linaingia chini ya mlango bila hodi. Aprili mvua inapiga mabati usiku kucha, na penye msumari uliolegea inapata njia. Mchana bati lile lile linageuza chumba kuwa jiko. Stima inakuja ikiwa na nguvu za kuchoma balbu, inaondoka, inarudi ikiwa mnyonge, inaondoka tena. Tarehe 7 Juni 2016 nchi nzima ilizimikiwa kwa sababu tumbili aliangukia transfoma kwenye kituo cha umeme cha Gitaru. Tumbili mwenyewe alitoka salama. Sijaona waranti inayomtaja tumbili, lakini nina imani na wanasheria wao: yumo mahali fulani, kwenye herufi ndogo. Ukitoa vumbi, mvua, joto la mabati na stima, kinachobaki Olympic ni anwani tu. Kwa hiyo kilaptopu changu kililindwa kikamilifu mahali popote, mradi kisikae nyumbani kwangu.

Hata hivyo huduma kwa wateja ilikuwepo, tena ya heshima kubwa. Skrini ilipoanza kucheza, nilipiga simu. Sauti tamu ikaniambia simu yangu ni muhimu kwao, halafu wakanipigia muziki mpaka kredo ikakata. Nilipopata mtu, aliniuliza kwa upole: “Umejaribu kuizima na kuiwasha?” Nikamweleza kwamba kuzima kinajizima chenyewe, mimi huchangia kuwasha tu. Akaniambia nikipeleke kituoni kwao, ng'ambo ya mji. Kikalazwa. Nikiuliza hali ya mgonjwa naambiwa spea inatoka nje ya nchi. Kikarudi kikiwa kimepanguswa vizuri, na kibandiko kipya chini, na skrini inacheza vilevile.

Mtu mwenye hasira angeenda mahakamani. Sheria ipo, ya kulinda watumiaji, ya mwaka 2012. Mahakama ya Madai Madogo nayo ilianza kazi Nairobi mwaka 2021, inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Kilaptopu changu kinauheshimu sana mwendo huo. Lakini kuandaa madai kunahitaji kuchapa, na kuchapa kunahitaji kompyuta inayofanya kazi.

Ndipo nikakutana na fundi wa stejini, yule mwenye mwavuli na meza ya mbao, na hapo ndipo sifa za kifaa hiki zinapopanda daraja. Bila kilaptopu, ningepita pale miaka yote nikiwahi matatu bila kujua jina la mtu. Sasa wananiita kwa jina mpaka wauza samaki. Fundi hana muziki wa kumsubirisha mteja, ana redio ya kila mtu. Alikifungua kwa bisibisi ndogo, akakipuliza, vumbi la waranti likatoka, akatazama.

“Bodi iko poa, mzee. Bawaba ndiyo imekula waya wa skrini.”

Waya ukapatikana Kawangware, kwa fundi mwenzake, kutoka kwa marehemu wa aina hiyo hiyo aliyekuwa akihifadhiwa kwa ajili ya viungo. Ukafika jioni, na boda. Nikaomba, kwa kuwa kiko wazi, aniongezee RAM. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: RAM imechomelewa kwenye bodi. Nafasi ya kuhifadhi? Imechomelewa. Betri? Imegandishwa kwa gundi. “Hii walitengeneza isitengenezwe,” akasema, bila kinyongo, kama mtu anayetambua kazi ya fundi mwenzake.

Watengenezaji wa laptopu za bei kubwa huwaachia wateja wasiwasi: niongeze hiki, nibadilishe kile? Sisi wa bei ya chini tumepumzishwa. Hata apdeti zimepumzika. Mwaka 2019 Microsoft walitangaza kwamba Windows 10 mpya inahitaji gigabaiti 32 za nafasi kwa uchache, yaani changu chote, kuanzia kichwa hadi unyayo, na tena kwenye mashine mpya Windows ijitengee kama gigabaiti 7 za akiba. Kila mara kilaptopu kinanijulisha kwamba apdeti muhimu inangoja, kisha kinanijulisha kwamba hakuna nafasi, kisha kinaniomba nifute vitu. Nimefuta kila kitu. Hakina picha, hakina wimbo, hakina barua hata moja. Faili zangu zinakaa kwenye flashi. Mwizi akikichukua atakuwa amenisaidia kubeba.

Na uvumilivu je? Nikibonyeza kitufe cha kuwasha, naweka maji ya ugali jikoni. Ugali unasongwa, unaliwa, sufuria inalowekwa, na kile kiduara cha Windows bado kinazunguka. Mwisho wa Juni, tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, wenzangu hukesha na hofu mbele ya kompyuta zao. Mimi siwezi kukesha na mashine ambayo haijaamka. Naenda saiba, napanga foleni na majirani, tunalalamikia serikali pamoja, nalipa, narudi nikiwa mlipakodi. Mwenye saiba amenisihi nisinunue nyingine.

Lakini nimeamua kukiuza, kwa hiyo haya yote uyasome kwa jicho hilo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; changu hata kutembea hakiwezi mbali na soketi, ndiyo maana nimekitembeza kwa maneno. Kuna kijana wa Ayany, amemaliza kidato cha nne, anataka kujifunza kuchapa na baadaye atafute kazi za mtandaoni. Nimemtajia shilingi elfu sita, chaja ikiwemo.

“Inakaa na chaji, mzee?”

Nikamjibu kwa uaminifu kwamba asilimia ya chaji haijabadilika tangu mwaka jana.

“Na haijawahi kufunguliwa?”

Nikamwambia kimehudumiwa na wataalamu wa hapa na wa Kawangware. Akafurahi. Amesema atakuja Jumamosi kukikagua, lakini yeye hajui mambo ya kompyuta, kwa hiyo atakuja na fundi wake, yule wa stejini mwenye mwavuli.

Nimemtumia fundi ujumbe tuonane Ijumaa.